Kabla hujatoa hela: jinsi ya kuchagua simu na kuhakikisha haina lock, kwa watu wa Arusha na Moshi

Kila wiki napata maswali mawili, watu tofauti lakini maneno yale yale. La kwanza, "Fundi nina laki tatu na nusu, nichukue simu gani?" La pili linakuja hela ikishatoka, "Fundi hii simu nimeletewa, nikiweka laini inakataa, inatoka hiyo lock?" Hilo la pili ndo linaniuma, kwa sababu mara nyingi ilikuwa kazi ya dakika kumi tu za kukagua pale pale dukani kabla ya kulipa, na mtu kakusanya hela hiyo miezi sita.

Mi ni fundi, nina meza yangu hapa Arusha mjini maeneo ya stendi ndogo, na wikiendi nyingi niko Moshi nyumbani. Naandika kwa mazingira yetu haya, sio ya Dar wala ya Ulaya. Soma mpaka mwisho ndo uende dukani, usisome ukiwa umeshasimama mbele ya muuzaji.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujatoka nyumbani

- Laini zako zote mbili unazotumia kila siku, zile zile zenye hela zako na namba yako inayojulikana. Ziwe na salio kidogo na bando kidogo.
- Pini ya kutolea laini. Maduka mengine wanayo, mengine wanatumia hereni ya dada wa kaunta, we beba ya kwako.
- Simu nyingine, hata kitochi, ya kupiga na kupokea majaribio. Ikiwa na intaneti ni bora zaidi, utawasha hotspoti.
- Chaji na earphone.
- Bajeti uliyoiandika, na humo toa kabisa hela ya kava na protekta kabla hujaanza kuangalia simu.
- Muda. Nenda asubuhi au mchana. Ukienda saa kumi na mbili jioni unawahi gari ya Usa River au ya Himo utanunua kwa haraka, na wauzaji wanajua.

Lock ziko tatu, watu wanazichanganya

Nadharia ni hii tu sitarefusha. Lock ya mtandao ni simu kufungwa ikubali laini za kampuni moja tu, hiyo ndo watu wanamaanisha wakisema simu "haijawa unlocked". Lock ya akaunti ni simu kubaki na iCloud au Gmail ya mwenye nayo wa zamani. Lock ya mkopo ni simu iliyochukuliwa kwa kulipa kidogo kidogo, asipolipa inazimwa kwa mbali. Simu inaweza kuwa wazi kwa laini zote na bado ikawa na hizo mbili nyingine, kwahiyo muuzaji akikwambia "hii ni unlocked bosi" kakujibu theluthi moja ya swali.

Ukikutana na vijana wanaongelea kufungua bootloader hiyo ni habari nyingine kabisa, ya watu wanaobadilisha mfumo wa simu, haikuhusu. Tena simu iliyorootiwa, yani iliyochokonolewa mfumo hivyo, app nyingi za benki zinaikataa.

Hatua ya 1: Andika simu itafanya kazi gani

Usianze na jina la simu, anza na siku yako. We ni bodaboda unakaa barabarani toka asubuhi, unahitaji betri ya 5000mAh na kioo kinachosomeka juani, kamera achana nayo. We unauza nguo Kiboriloni au Memorial na wateja wako wako WhatsApp na Instagram, hapo kamera na memori ndo duka lako lenyewe. Mwanafunzi wa chuo anasoma PDF na kurekodi lekcha, anahitaji memori ya kuhifadhia na RAM, ile inayoendesha app zikiwa wazi, sio kamera nne za nyuma ambazo mbili hazifanyi chochote cha maana.

Guide na wagumu wanaopandisha mizigo mlimani nawaongelea peke yao. Baridi ya juu kule inashusha betri ghafla, simu inasoma asilimia 40 halafu inazima, hata ikiwa mpya, lithiamu ndo ilivyo. Na kuichaji ikiwa kwenye ubaridi chini ya nyuzi 0 inaharibu betri. Kwahiyo nyie chukueni betri kubwa, simu ilale ndani ya sleeping bag na wewe, na msinunue used yenye betri iliyochoka hata iwe ya jina kubwa kiasi gani, itawaaibisha Kibo Hut.

Hatua ya 2: Jua mtandao unaoshika unapolala na unapofanyia kazi

Hii ndo sababu kubwa ya mimi kusisitiza simu iliyo wazi. Huku kwetu mtu hatumii mtandao mmoja. Una M-Pesa kwa sababu wateja wako wako huko, una Airtel au Yas kwa sababu ya bando, na ukienda kijijini unakuta ni Halotel ndo inashika. Kuna nyumba kule Uru na Kibosho ukiwa barazani unashika, ukishuka kwenye korongo kuchota maji hakuna kitu. Ukitoka Arusha kwenda Longido au Loliondo unaweza kubadilisha laini mara mbili njiani ili upate mawasiliano. Simu iliyofungwa mtandao mmoja kwa maisha hayo ni mzigo.

Kwahiyo uliza majirani na wafanyakazi wenzako wanatumia nini, halafu andika mitandao miwili. Hiyo miwili ndo utakayojaribu dukani.

Hatua ya 3: Pima hela yako, mpya au used?

Hapa ndo penye ubishi na mimi nina msimamo wangu.

Ukiwa na chini ya laki mbili, chukua mpya ya bei ndogo yenye waranti, hata kama ni jina usilolipenda. Used ya bei hiyo mara nyingi imeshafunguliwa mara nyingi, betri imekufa, na utakuja kwangu kila mwezi. Itel, Tecno na Infinix zote tatu ni za kampuni moja ya China, Transsion, na kituo chao cha huduma kinaitwa Carlcare, kwahiyo ukiwa na waranti unajua pa kwenda. Ukubali tu kwamba simu za bei hiyo zinakuja na Android nyepesi na memori ndogo, usizijazie app ishirini.

Laki tatu mpaka tano ndo uwanja mkubwa. Hapa unapata mpya ya Android yenye 128GB ukitafuta vizuri, au used ya daraja la juu ya miaka mitatu minne nyuma. Mtu ambaye simu ni kazi yake ya kila siku namwambia achukue mpya. Mtu anayejua kutunza na anayetaka kamera nzuri, used ya daraja la juu inamfaa, akikubali kubadilisha betri mapema na akifuata hatua zote za chini huko bila kuruka hata moja.

Juu ya hapo sina haja ya kukushauri sana, una uwanja.

ANGALIZO la RAM. Kwenye boksi zinaandikwa 8GB kwa maandishi makubwa, chini kwa maandishi madogo "4+4". Ile nne ya pili sio RAM, ni kipande cha memori kinachoazimwa, na kasi yake haifanani kabisa. RAM halisi hapo ni 4. Kila siku nakutana na mtu kanunua "RAM 16" na simu inakwama kufungua WhatsApp. Ingia kwenye Settings halafu About phone uone namba halisi, usisome boksi.

ANGALIZO la memori. 64GB sa hivi inajaa haraka, magrupu ya kamati za harusi peke yake yanamaliza. iPhone haipokei memori kadi, Pixel pia haipokei, kwahiyo kwa hizo usichukue 64 ukidhani utaongeza baadae.

Hatua ya 4: Uliza apdeti na spea

Watu wengi hawaulizi hiki. Simu ikiacha kupata apdeti, baada ya muda app zinaanza kuikataa. Samsung Galaxy A16, ambayo sio simu ya matajiri, iliahidiwa miaka 6 ya apdeti za usalama tangu itoke 2024. Galaxy S24 na Pixel 8 ziliahidiwa 7. Simu nyingi za bei ndogo zinapata muda mfupi zaidi ya huo. Upande wa pili, iPhone 8 na iPhone X ziliishia iOS 16, na bado nazikuta zinauzwa mjini kwa hela ambayo ingekupa kitu chenye maisha marefu zaidi. Usinunue hizo mbili kwa sababu tu zina tufaha nyuma.

Halafu spea. Kabla hujachagua modeli, pita kwa mafundi wawili uulize tu, "kioo cha simu fulani kipo? bei gani?" Fundi akikwambia mpaka kiagizwe Kariakoo, jua kwamba siku ikidondoka utakaa siku kadhaa bila simu. Vioo vya AMOLED vinapendeza ila vikipasuka bei yake inaweza kukaribia nusu ya simu. Simu ya modeli maarufu spea zake zimejaa, simu nzuri ya modeli adimu inageuka pambo.

Hatua ya 5: Amua kuhusu lock, na jua simu imetoka nchi gani

Jibu langu ni fupi: nunua iliyo wazi kwa laini zote. Tofauti ya bei utakayookoa kwenye iliyofungwa itaishia kwa fundi, na wakati mwingine fundi mwenyewe hawezi.

Lakini wengi hawajui kwamba nchi ilipotoka simu inakupa nusu ya jibu. Uingereza makampuni ya simu yalikatazwa kuuza simu zilizofungwa kuanzia Desemba 2021. Kanada walikataza mapema zaidi, Desemba 2017. Japani ilikuwa Oktoba 2021. Kwahiyo ukiambiwa "used ya UK" na ni modeli iliyotoka baada ya hapo, uwezekano wa lock ya mtandao ni mdogo, japo utajaribu vilevile. Marekani ndo penye shida, kule mtu anachukua simu kwa mkataba na kampuni inaifunga mpaka deni liishe, na simu nyingi za kule zinaletwa huku kabla hazijafunguliwa.

Za Marekani zina mambo mengine mawili. iPhone 14 na kuendelea zilizouzwa kule hazina tundu la laini kabisa, ni eSIM tupu, yani laini iliyomo ndani ya simu bila kadi, kwahiyo nenda kwanza kwenye duka la mtandao wako uulize kama watakuhamishia namba yako kwenda eSIM, ndo ununue. La pili ni bendi, yani masafa ambayo simu inashikia mtandao. Simu zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya na Afrika zinakuwa na bendi za 4G kama 3, 8, 20 na 28. Soko la Marekani linategemea zaidi 2, 4, 12, 13, 66 na 71, na baadhi ya Android za kule zinakosa 20 au 28. Matokeo yake simu iko wazi, inapiga, inapokea, ila ya jirani inasoma 4G na yako inasoma H au E, yani 3G au 2G. Hapo hakuna lock ya kutoa, chuma chenyewe hakina hiyo bendi na hakuna kuflash, yani kuweka programu upya, kutakakoileta.

Za Japani na Korea zina kitu kimoja kidogo, kamera inapiga kelele ya "kacha" kila ukipiga picha na huwezi kuizima kirahisi. Wengine hawajali. Mpiga picha mmoja wa harusi alinirudia analalamika kanisani watu wote wanageuka.

Ukitaka iPhone ya laini mbili za kawaida, zile za kadi mbili zinatoka China bara, Hong Kong na Macau, kuanzia XR na XS Max. Nyingine nyingi tangu hapo ni kadi moja na eSIM, ukiacha zile za eSIM tupu.

ANGALIZO kubwa: R-SIM. Hii ni kichip chembamba kinachowekwa pamoja na laini yako ili kuidanganya iPhone iliyofungwa. Muuzaji atakwambia "inafanya kazi vizuri tu", na kweli siku hiyo itafanya. Siku ukiapdeti au ukireset, laini inapotea. eSIM nayo haitakubali. Chomoa tray uangalie kwa macho yako, laini yako iwe peke yake pale, bila karatasi wala plastiki ya ziada.

Kuhusu simu za mkopo: sio mbaya, kuna watu imewatoa, unalipa kidogo kidogo kila siku kutokana na biashara. Ila zidisha malipo yote uone jumla kabla hujasaini, na uulize ukimaliza lock inaondolewaje na inachukua siku ngapi. Kununua simu ya mkopo ya mtu mwingine ambayo hajamaliza kulipa, hapana, hata akuuzie kwa nusu bei, hata akiwa binamu yako.

Hatua ya 6: Dukani, anza na IMEI

Usianze na kamera. Piga *#06#, namba ya tarakimu 15 inatokea, hiyo ndo IMEI, kitambulisho cha simu yenyewe, ya laini mbili zinatokea mbili. Linganisha na iliyoko kwenye boksi na iliyoko kwenye Settings, zote ziwe zile zile. Halafu tuma hiyo namba kwa meseji kwenda 15090, ni huduma ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wanakujibu ni simu ya aina gani. Ukiwa umeshika Samsung na jibu linasema kitu kingine, rudisha simu kwa upole, sema asante, ondoka.

Hii sio mchezo. Juni 2016 TCRA walizima simu feki nchi nzima na watu wengi waliamka simu zao hazina mtandao. IMEI iliyobadilishwa au ya simu iliyoripotiwa kuibwa inaweza kuzimwa siku yoyote, na kukutwa na mali ya wizi ni kesi.

Hatua ya 7: Weka laini zako mbili, moja moja, halafu zote

Hapa ndo dakika zako kumi. Laini ya mtandao wa kwanza iingie, subiri isome. Piga simu, pokea simu, ongea kabisa sio kubip. Halafu fungua menyu ya hela: *150*00# kama ni M-Pesa, *150*60# Airtel Money, *150*01# ya Yas, *150*88# Halopesa. Menyu ikija, toka. Zima WiFi, washa data, fungua kitu. Halafu rudia yote kwa laini ya mtandao wa pili.

Kwanini laini mbili za mitandao tofauti? Kwa sababu simu iliyofungwa kwa mtandao mmoja wa hapa hapa nchini itakubali laini hiyo vizuri kabisa na utaondoka umeridhika. Nilinunua hivyo mwenyewe zamani kwenye duka moja la mjini, nikajaribu laini moja, nikafika nyumbani nikaweka ya pili ikaniomba namba ya siri (code) ya kufungulia mtandao, kesho yake narudi naambiwa "uliijaribu mwenyewe ukakubali". Tangu hapo kila mteja namwambia laini mbili.

Kwenye iPhone ingia Settings, General, About, shuka mpaka Carrier Lock. Inatakiwa isome "No SIM restrictions". Ikisoma kitu kingine chochote, imefungwa, usisikilize maelezo.

Hatua ya 8: Muombe muuzaji aireset mbele yako

Kama ni used hii ni lazima, na wengi wanaona aibu kuomba. Sema tu, "Kaka naomba uiondoe akaunti yako, uireset, tuiwashe upya pamoja." Muuzaji mkweli hakatai. Akishaireset, iunganishe na intaneti, hotspoti ya simu yako ya pili inatosha, halafu pitia hatua zote mpaka ufike kwenye uso wa simu. Lazima iwe na intaneti, kwa sababu lock ya akaunti na ya mkopo zote zinaulizwa mtandaoni. Bila intaneti simu ya mkopo iliyochakachuliwa inaonekana safi, ukifika nyumbani ukaunga WiFi inajifunga.

Ukiona inaomba Gmail ya zamani, au inaomba Apple ID ya mtu, au inaandika kwamba kifaa hiki kinasimamiwa na kampuni fulani, hiyo simu sio yake kukuuzia. "Ntakupa password kesho" haipo.

Hatua ya 9: Kagua mwili

Haraka haraka. Kwenye Samsung piga *#0*# inafungua majaribio ya rangi za kioo, tachi, spika na sensa. Nyingine fungua picha nyeupe tupu na nyeusi tupu utafute madoa, halafu buruta ikoni moja kwenye kioo chote uone kama kuna sehemu inakwama. Rekodi sauti usikilize, piga picha mbele na nyuma, chomeka chaji uitingishe kidogo, weka earphone, jaribu alama ya kidole.

Betri ya iPhone iko kwenye Settings, Battery, Battery Health. Chini ya asilimia 80 weka kwenye hesabu bei ya betri mpya na umuombe apunguze. Ikisoma 100 kwenye simu ya miaka mitano, betri imebadilishwa, muulize na uangalie kwenye About kama inaonyesha vipuri visivyo halisi. Herufi ya kwanza ya namba ya modeli nayo inasema: M ni ya dukani, F ni iliyokarabatiwa, N ni ya kubadilishiwa.

Simu iliyowahi kufunguliwa usiiamini kwenye maji hata kama ilitoka na IP68, kile kiwango cha kuzuia maji. Ile gundi ya kiwandani ikishatoka imetoka, na masika ya huku unaijua.

Hatua ya 10: Lipa na risiti

Risiti ya EFD, iandikwe modeli na IMEI, na waranti iandikwe muda. Lipa kwa lipa namba ukiweza, inabaki kumbukumbu. Ukinunua kwa mtu binafsi andikianeni karatasi, jina, namba ya simu, IMEI, kitambulisho chake upige picha. Mtu anayekataa hilo na anakuuzia nje ya stendi bei ya kutupa, ndugu yangu unajua jibu.

Usitume hela kwa mtu wa mtandaoni "nikutumie kwa basi". Basi lifike, uikague, ndo ulipe.

Ikigoma: matatizo ninayoletewa sana

*Laini inasoma lakini intaneti hakuna.* Mara nyingi ni APN, seting ya intaneti ya mtandao wako. Wapigie huduma kwa wateja wakutumie seting, au angalia simu ya mtu mwenye mtandao huo huo unakili. Kisha hakikisha aina ya mtandao imechaguliwa 4G auto, sio 3G pekee.

*Inaandika "Emergency calls only".* Jaribu laini kwenye simu nyingine kwanza. Ikifanya kazi kule, shida ni simu, tuma IMEI 15090. Isipofanya kazi hata kule, nenda duka la mtandao wako uulize kama laini imesajiliwa vizuri kwa jina lako.

*Android inaomba "SIM network unlock PIN".* Imefungwa mtandao. Usibahatishe namba, ukikosea mara nyingi inaweza kujifunga kabisa. Kama ni ya kampuni ya hapa nenda dukani kwao na risiti uulize utaratibu. Kama ni ya nje, soma mwisho hapa chini.

*Bando linaisha usiku.* Sio lock wala virusi, ni simu mpya inapakua apdeti. Zima apdeti za kwa data, acha za WiFi tu, na kwenye WhatsApp zima kupakua video zenyewe.

*Duka limekataa kunibadilishia.* Rudi na risiti na ushahidi, ongea na mwenye duka sio mhudumu. Ikishindikana na simu ni feki, Tume ya Ushindani ndo wanahusika, na mambo ya IMEI na mitandao TCRA wana ofisi ya Kanda ya Kaskazini hapa hapa Arusha.

*Nimetumiwa simu kutoka Marekani, inaandika "SIM Not Supported".* Hii naieleza kwa kisa cha mama mmoja wa Tengeru. Alikuja mezani simu kaifunga kwenye leso, "Mwanangu, mwenzio kanitumia hii, kila fundi anataka elfu themanini." Nikamwambia mama usimpe mtu hata mia. Anayefungua simu kama hiyo kihalali ni kampuni iliyoiuza kule, na anayeomba ni mwenye akaunti, yani mtoto wake, sio sisi. Tukampigia pale pale WhatsApp, nikamtumia picha ya IMEI. Kumbe deni lilikuwa halijaisha, alibakiza miezi michache. Akamalizia, akaomba kufunguliwa kwa mtandao wao, wiki ya tatu akajibiwa imekubaliwa. Mama akarudi, tukaiunga WiFi, tukaweka laini yake ya M-Pesa, tukasubiri, haikusoma. Tukazitunza picha zake kwanza, tukairestore, yani kuiwekea mfumo upya, kwa kompyuta, tukaiwasha upya. Carrier Lock ikasoma "No SIM restrictions". Tukaweka na ya Airtel, nayo ikasoma, na simu ya kwanza aliyopiga ni kwa huyo huyo mtoto.